Rejime ya Madamu

Karatasi ile bado inazunguka Gitega. Niliipokea mwezi uliopita mkononi mwa nesi aliyenipima shinikizo la damu, akanitazama kiuno, akanitazama uso, kisha akafungua droo. Ni karatasi moja tu, kopi ya kopi ya kopi, herufi zimefifia hadi nyingine unasoma kwa kukisia. Upande wa kushoto vyakula vilivyokatazwa, upande wa kulia vinavyoruhusiwa. Nilipoisogeza dirishani niliona kitu kilichonifanya nikae tena kwenye benchi. Juu ya maneno ya Kifaransa yaliyoandikwa vibaya kulikuwa na masahihisho ya mkono, herufi zimeinama kidogo kulia, kila kosa limepigwa mistari miwili. Mwandiko ule naujua, kwa sababu ndio ulionifundisha Kifaransa.

Tulimwita Madamu, kama walimu wote wanawake wanavyoitwa huku, ila kwangu jina hilo lina mwenyewe mmoja. Alinifundisha Giteranyi, kaskazini mwa Muyinga, mwaka tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, Kiswahili changu kimenyooka, Kifaransa sijui hata cha kuombea maji, nikawekwa darasa moja na watoto wa miaka minane. Siku ya kwanza Madamu aliniita mezani kwake akaniuliza kama nimekula asubuhi. Nikasema sijala. Akatoa muhogo wa kuchemsha mkobani, akanifundisha kusema j'ai faim, nina njaa, na muhogo sikupewa mpaka nilipoitamka sawasawa. Hiyo ndiyo sentensi yangu ya kwanza ya Kifaransa, na kila nikiikumbuka nasikia ladha ya muhogo.

Alikuwa mnene. Nasema hivyo bila kuzunguka, maana wanaozunguka ndio walioniudhi maisha yangu yote. Akisimama ubaoni anafunika nusu ya somo, nasi tunamwomba asogee, naye anasogea huku akicheka. Alikuwa na miguu midogo ajabu na viatu vinavyong'aa hata msimu wa mvua. Darasani hakuvumilia kufuta. Mtoto akikosea haruhusiwi kusugua kosa kwa mate wala kwa raba; atalipiga mistari miwili ili lionekane, na pembeni ataandika lililo sawa. Akikuta karatasi imetoboka kwa kusuguliwa anakasirika kweli, anasema umemwibia ushahidi. Makosa yenyewe hayakumkasirisha hata siku moja.

Kila asubuhi alianza kwa kuuliza nani hajala. Mkoba wake ulikuwa na kitu daima, muhogo, kiazi kitamu, kipande cha mkate, na aliyenyoosha mkono alipata. Yeye hatukumwona akitia kitu kinywani. Wala hatukushangaa, kwa sababu kwetu mtu mzima anayejiheshimu hali mbele za watu, hasa mbele za watoto. Tuliona ni adabu. Miaka mingi baadaye nilielewa kwamba mtu anaweza kujificha ndani ya adabu kwa muda mrefu sana, na watu wakamsifu kwa kujificha huko.

Alihamishiwa Gitega, mimi nikaolewa Gitega, na kwa bahati nikapanga nyumba mtaa wa Musinzira, ukuta mmoja na wake. Kisha nikapewa kantini ya shule aliyokuwa akifundisha. Maandazi, chai ya maziwa, sambusa, ndizi. Kwa hiyo nilimjua kwa pande mbili, nyumbani na kazini, na hakuna aliyejua zaidi yangu alikula nini na hakula nini. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu ndilo linalonishtaki.

Watu wa mji ule walinichosha. Madamu akipita sokoni, mama mmoja anamshika mikono miwili na kumwambia waravyibushe, umenenepa, kwa sauti ya heri, kama anampongeza kwa kujenga nyumba. Kwao mnono ni mwenye amani, mume anamtunza, mshahara unafika. Hatua kumi mbele, mama yuleyule anamuuliza mwenzake, hivi ile gauni imekula pagne ngapi za kitenge. Kanisani walimpangia mstari wa nyuma wa kwaya ili asizibe wengine. Kwenye harusi walimletea kiti cha chuma wakati wenzake wamekaa vya plastiki, wakakileta wawili, wakikiinua juu ili kila mtu aone wema wao. Yeye anasema asante, anakaa, sahani anapokea, anaiweka chini ya kiti bila kuigusa. Nilikuwa nakaa karibu naye nikiona kila kitu, na nilikuwa na hasira, na hasira yangu haikufanya kazi yoyote.

Siku alipokwenda kupimwa kwa sababu ya magoti, nesi alimpa ile karatasi na kumwambia afanye rejime, yaani ajinyime chakula apungue. Aliniletea kantini niione. Vilivyokatazwa vilikuwa mkate, wali, ndizi, viazi, viazi vitamu, mihogo, maharage, ugali, mawese. Yaani Burundi yote. Vilivyoruhusiwa vilikuwa samaki wa salmoni, tofaa la kijani, brokoli, jibini isiyo na mafuta. Sijui nani aliiandika, ila najua hakuwahi kununua chakula kwa mwanamke aliyetandika mkeka. Mwenye kuandika asingejua, sawa. Lakini nesi amezaliwa hapahapa, amekua kwa maharage kama sisi, na bado aliitoa drooni kwa mikono yake miwili bila haya.

Madamu alifanya nini? Alichukua kalamu nyekundu akasahihisha Kifaransa. Makosa kumi na moja. Akamrudishia nesi karatasi yenye masahihisho hayo, naye akabaki na kopi yake, akaanza kuitii siku ileile. Salmoni hakuna, basi akala kisichokatazwa na kinachopatikana: maji ya moto na limau asubuhi, majani ya kabichi mchana, yai moja.

Hapa nimlete mama yangu, maana bila yeye kisa hiki hakikamiliki. Mama ni mkulima wa Giteranyi, utu uzima wake mwingi aliumalizia Tanzania, Kifaransa chake ni yale maneno matatu au manne ya wachuuzi wanaokuja kununua ndizi kwa baiskeli. Mmojawapo ni rejime. Kwa wachuuzi rejime ni mkungu wa ndizi. Wanasema nataka rejime kubwa, rejime hii haijakomaa. Nilipompigia simu nikamwambia kwa uvivu wangu wa kuchanganya lugha kwamba daktari amemwandikia Madamu rejime, mama akasema daktari huyo ana akili. Wiki haijaisha, mkungu ukafika Musinzira, umetoka Giteranyi kwa baiskeli hadi Muyinga, na kutoka Muyinga juu ya gari. Mkubwa kuliko yote shambani, umefungwa majani mabichi. Na ujumbe: akimaliza huu aseme, dawa isikatike.

Tulicheka mpaka Madamu akashika ukuta. Sijawahi kumwona akicheka vile. Nilitaka kumpigia mama nimweleze, akanikataza, akasema mtu aliyekupa mkono wake wote haambiwi amekosea. Basi mikungu ikaendelea kuja, wa pili, wa tatu. Aligawa mingi, lakini mwingine daima ulibaki umelazwa kwenye kona ya chumba, ukiiva. Nyumba nzima ilinukia ndizi mbivu, na mwenye nyumba anakunywa maji ya limau.

Hapo ndipo walipoanza kuja wageni.

Madamu alikuja kantini saa za alasiri, watoto wameshatoka, mlango wa nyuma. Akauliza yamebaki maandazi mangapi. Nikamwambia ishirini na kitu. Akasema nimfungie yote, amepata wageni. Nikamfungia. Siku nne baadaye wageni tena. Kisha kila siku ya pili. Mimi jirani yake, ukuta mmoja, sikuwahi kusikia mgeni akibisha hodi. Nilisikia mlango ukifungwa kwa komeo mchana kweupe, kisha kimya, na kesho yake niliona maganda ya ndizi kwenye shimo la takataka, maganda ya karibu nusu mkungu, yamefunikwa kwa majivu kwa uangalifu mkubwa. Asubuhi macho yamevimba. Siku hiyo hata yai hali, anajiadhibu kwa ya jana. Siku inayofuata hivyo hivyo. Halafu siku ya tatu, alasiri, mlango wa nyuma.

Mtoto mdogo angeweza kulihesabu lile. Anafunga siku mbili, mwili unadai chake, unakula kwa pupa cha siku tatu, aibu inamrudisha kufunga. Njaa ndiyo iliyokuwa ikiwaita wageni, na karatasi ndiyo iliyoandika njaa. Lakini ukimuuliza mtu yeyote, atakwambia ni tamaa, ni kukosa moyo, aongeze maombi. Walimfungisha na kanisani pia, siku tatu za sala. Aliporudi nyumbani kutoka kwenye sala hizo alinunua kila kitu nilichokuwa nacho, na sambusa zilizolala.

Nilimkasirikia na yeye, nisiseme uongo. Mwanamke aliyetuuliza nani hajala, kila asubuhi ya Mungu, anashindwaje kunyoosha mkono wake mwenyewe? Alitufundisha kugeuza ile sentensi kwa nafsi zote, nina njaa, una njaa, wana njaa. Kwa ajili yake mwenyewe, nafsi ya kwanza sikuisikia kinywani mwake hata mara moja. Siku moja nilimpelekea maharage nyumbani, sahani imefunikwa. Akanipokea mlangoni kwa heshima zote, akaniambia ameshakula. Nikajua anadanganya, nikasema haya Madamu, nikaondoka.

Mwili ulipungua kidogo mwezi wa kwanza, na shule nzima ikapiga makofi. Direkta, mkuu wa shule, alimsimamisha mbele ya walimu kwenye mkutano, akasema tazameni nidhamu. Madamu alitabasamu akiwa ameshika meza, na mimi niliyekuwa nimeleta chai niliona meza ndiyo inayomsimamisha. Baadaye mwili ukarudi, ukaongeza na mwingine juu yake. Makofi yakaisha. Hakuna aliyejisumbua kumuuliza imekuwaje.

Alianguka asubuhi ya Jumanne, akiandika imla ubaoni. Watoto walikuja wakikimbia kantini, nikaenda na maji na sukari. Alikuwa chini kati ya madawati, kipaji cha uso kimepasuka, chaki bado mkononi. Nilimkorogea sukari nikamnywesha, na rangi ikamrudia nikiwa natazama, kama ardhi ikipata mvua. Ukimwona mtu anaamka kwa vijiko viwili vya sukari, unahitaji daktari gani akwambie alichokosa? Nilijua alichokula tangu Jumapili. Hakikuwapo.

Direkta aliamua palepale kwamba ni uzito. Miguu imeshindwa kubeba. Akasema mwalimu hawezi kuanguka mbele ya watoto, safari ijayo atamwangukia mmoja, na walimu wengine wakatazama chini kuficha kicheko. Alitaka kumtoa darasani ampeleke stoo ya vitabu. Madamu hakuwa na kingine duniani alichokipenda kama ubao. Hiyo kila mtu aliijua. Ili jambo lionekane limechunguzwa, direkta aliniita ofisini. Madamu alikuwepo, amekaa, plasta kwenye kipaji.

"We unamuuzia chakula," direkta akaniambia. "Iko anakula namna gani?"

Kantini ni ya shule. Funguo zake direkta aliweza kuzichukua siku yoyote, na nyumbani nilikuwa na mtoto anayenyonya. Hayo yote niliyafikiria kwa haraka kuliko ninavyoyaandika. Nikasema anakula. Akauliza kiasi gani. Nikasema huwa ananunua maandazi ishirini, ishirini na tano.

Ilikuwa kweli. Kila neno lilikuwa kweli, na nusu nyingine ya kweli niliimeza. Direkta akafungua mikono kama mtu aliyemaliza kesi. Madamu hakunitazama. Alitengeneza mkunjo wa gauni magotini, akaomba ruhusa ya kutoka.

Alikaa stoo muhula mmoja akipanga vitabu kwa vumbi. Hakuja tena mlango wa nyuma. Tulisalimiana juu ya ukuta, amahoro, amahoro, na siku moja nikaona vitu vyake vinapakiwa. Mikungu ya mama iliendelea kufika miezi miwili baada ya yeye kuondoka. Nilikuwa nikila zile ndizi peke yangu.

Sasa nami nimenenepa. Watoto watatu, kantini, miaka. Na nesi amenipa karatasi ileile, pamoja na mwandiko wa Madamu juu yake. Nilikaa kwenye lile benchi nikakunja uso kwa hasira mpaka mgonjwa wa pembeni akaniuliza kama sindano imeniuma. Nilikwenda nyumbani na, Mungu ananiona, nikaanza maji ya limau. Siku ya nne nilijikuta nimesimama jikoni nakula wali baridi kwa mkono, kutoka sufuriani, mlango nimeufunga. Asubuhi yake nikapanda gari la Muyinga.

Madamu yuko Gashoho, upande wa Muyinga. Parokia imempa chumba, anafundisha watoto wa waliorudi, wale ambao Kifaransa hakijawaingia, kama nilivyokuwa mimi. Nilimkuta ubaoni. Mnene vilevile, labda zaidi, viatu vinang'aa. Alinionyesha kwa kidole dawati la nyuma, akaendelea na somo, nikakaa na magoti yamenibana.

Saa nne alitazama saa yake, akaweka chaki chini. "Bon," akawaambia watoto, "j'ai faim." Wakaitikia wote kwa pamoja, bon appétit, Madamu, ni jambo la kila siku kwao. Akafungua bakuli mezani, ndizi na maharage, akala. Mbele yao, polepole, kijiko kwa kijiko, nao wakitoa vya kwao na asiye nacho akimegewa. Nilimtazama akitafuna. Walipomaliza wakatoka kucheza.

Akanisogezea bakuli, lilikuwa bado na nusu. Nikamwambia nimeshakula.

Hakuliondoa bakuli. Ndipo nikatoa karatasi mkobani nikaiweka mezani. Akavaa miwani, akaisoma yote juu hadi chini, kidole kikisimama juu ya kila sahihisho lake.

"Nilisahihisha herufi tu," akasema.

Nikamuuliza kuhusu wageni. Nilikuwa naulizia nafsi yangu, naye alijua.

"Iko wanakuja bado," akasema. "Si kila wiki, lakini wanakuja. Mais siku hizi wanamukuta mwenye nyumba amesha kula. Hawakai sana." Kisha akacheka kidogo. "Mwambie mama yako asante. Kwa wote, ni yeye tu alisoma vizuri ile dawa."

Hapo nikasema nililokuja kulisema. Nilisema kwamba siku ile ofisini nilijua. Kwamba tangu Jumapili hakuwa ametia kitu kinywani, na mimi nilijua, na nilitaja maandazi nikaacha njaa, kwa sababu niliogopa kantini yangu. Nikaomba msamaha. Sauti ilinitoka kwa ghadhabu, kana kwamba namgombeza yeye.

"Nilijua unajua," akasema. "Nilikuwa nangojea useme. Nilipofika mlangoni nilikuwa bado nangojea." Hakusema amenisamehe, wala hakusema hajanisamehe. Alichukua chaki mezani akanipa. "We ni mwanafunzi wangu. Kosa linafanywaje?"

Nikaenda ubaoni. Nilikuwa sijashika chaki tangu Giteranyi. Nikaandika lile nililolisema kwa direkta, Madamu anakula, nikalipiga mistari miwili ili lionekane. Pembeni nikaandika lililo sawa. Mwandiko ukapanda mlima.

Kengele ikalia kabla sijageuka. Watoto wakaingia wakisukumana, wakasimama nyuma ya madawati, na kwa kuwa wamezoea kusoma chochote wanachokikuta ubaoni, wakasoma kwa sauti moja: "Madamu alianguka kwa njaa."

"Encore," akasema Madamu, mikono nyuma, akitazama ubao. Wakasoma tena.